Beseni la Bluu

Zuhra, wamenambia umejifungia chumba cha juu,
dirisha umeliziba kwa leso,
na hata maji huyataki.
Mama mkwe wako alicheka akinieleza.
"Mimba si ndwee," akasema,
neno lile lile, kwa sauti ile ile,
kama sahani ya urithi isiyovunjika.

Nakuja. Nimfunge Famau viatu kwanza
(ndiye huyu, ametimiza mitano,
anamkimbiza punda wa watu kichochoroni).
Nakuja na beseni.

Mimi hakuna aliyeniletea beseni.
Waliniletea ndimu, tangawizi, udongo wa kutafuna,
na nasaha. Nasaha ndizo zilizonuka zaidi.

Mwezi wa pili niliijua Langoni nzima kwa pua:
nani anaoka mofa, nani kaunguza kitunguu,
nani kafukiza udi baada ya magharibi.
Mume wangu alipofika darajani pa mlango
nilishalinusa shati lake, nikageukia ukuta.
Mtu niliyempenda hadi jasho.
Akawa anakula ngazini, sahani mapajani,
wali uliopoa, usije ukapanda mvuke.

Nilitapika chakula, kisha maji, kisha nyongo,
kisha hakuna kitu,
na hicho hakuna kitu kilitoka kwa nguvu kuliko vyote.
Mate nikayatemea kopo la maziwa ya unga.
Likijaa, nalia. Likimwagwa, nalia.

Wakanifanyia kombe.
Zafarani nzuri, mwandiko mzuri, nikanywa kwa bismillahi.
Halikukaa.
Nililitazama sakafuni, manjano juu ya saruji,
nikajua, au nikadhani najua,
kwamba nimekataliwa.

Sasa nikwambie lile ambalo hujamwambia mtu.
Usiku mmoja nilipanda darini kwa magoti.
Ukingo wa dari yetu ni mfupi, unaujua.
Sikutaka kufa. Nilitaka kukome tu.
Nikaweka mkono tumboni nikasema: toka.
Toka, au nitoke mimi.
Kisha nikaketi kungoja radi.
Haikuja radi.
Kilikuja kichefuchefu, kama kawaida yake,
nikashuka, maana beseni la kufulia lilikuwa chini.

Hospitali, Sista Nyevu alitafuta mshipa mara nne,
akaomba radhi kwa kila tundu.
Dripu ilipoanza kudondoka akauliza,
macho yake bado kwenye mkono wangu:
"Na wewe mwenyewe, upo?"
Si mtoto. Mimi.
Nikasema, sipo.
Akaandika. Niliiona kalamu ikienda.
Miezi mitatu nalisema, nachekwa,
siku ile likaandikwa.

Famau alipozaliwa walipiga vigelegele hadi msikitini,
wakanambia, umeshasahau.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema.
Hawakusema kuwa uchungu mwingine huanza
kabla hata mwana hajawa na kucha.
Mwaka mzima nilimwogesha nikimwomba msamaha,
kidole kwa kidole,
naye akinipiga maji ya uso.
Kuna siku bado kitunguu hunishtua,
mkono ukaenda wenyewe kutafuta kitu cha kukinga.

Nimekoga kwa maji matupu, Zuhra.
Sikupaka mafuta, sikuvaa asumini.
Nina vipande vya barafu ndani ya chupa ya chai,
ufyonze kimoja, ukitema, tema.
Kesho tutakwenda kwa Nyevu, hata kama ni kwa kukubeba.
Mama mkwe wako nitamjibu mimi.

Usiamke kufungua, nitausukuma mlango.
Nitakaa chini, karibu na miguu yako.
Huna haja ya kusema.
Lakini likikupanda lile neno,
lile la darini,
usilimeze.
Beseni ni kubwa.